Kinanda Kifupi Kuliko Nilichokichagua

Jumamosi, saa tano asubuhi, boksi lililoingia mlangoni kwetu lilikuwa fupi.

Sikuhitaji kulifungua. Piano niliyomchagulia mama ilikuwa ianzie dirishani mwa chumba chake na kuishia kwenye kabati. Boksi hili lingeweza kusimama nyuma ya mlango.

Shemeji yangu, mume wa dada, alilitua sakafuni akafuta jasho. Tunamwita Mitambo, kwa sababu hakuna chombo chenye waya ambacho hajawahi kukifungua. Kukifunga ndiyo shida.

"Hiki ni nini?"

"Kinanda."

"Naona. Cha nani?"

"Cha mama. Shemeji, nipe maji kwanza ninywe."

Hakunywa maji.

Niwaeleze, mjue kwa nini nilitaka kumng'oa masikio.

Mama alifundisha piano shuleni mpaka alipostaafu. Nyimbo alizotunga mwenyewe ziko kichwani mwake tu. Hazijaandikwa, hazijarekodiwa. Na sasa viungo vya vidole vyake vinavimba, na daktari alisema bila kupindisha maneno: havitarudi vilivyokuwa.

Tukakubaliana tumwekee kinanda chumbani, tukiunganishe na kompyuta, arekodi zote wakati bado anaweza.

Mimi kazi yangu ni kupima maji maabarani. Maneno siyaamini, naamini vipimo. Dukani nilikaa mpaka muuzaji akaanza kunizunguka kama anavyozunguka meza. Kila kinanda nilikisikiliza kwa hedifoni, nikabonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu, nione kama sauti inakifuata kidole.

Nikachagua piano ya kidijitali. Vitufe themanini na vinane, vizito, vinavyokipinga kidole kama vya ile piano ya mbao aliyofundishia.

Mitambo, niliyekwenda naye, yeye alikuwa ameganda mbele ya kibodi ya studio. Skrini, taa, midundo ya kila aina, na vitufe vyepesi vichache.

"Shemeji, humu ndani kuna bendi nzima."

"Mama hatafuti bendi."

"Kinarekodi chenyewe, sauti juu ya sauti."

"Sema bendi yako ya harusi ndiyo inayokitaka."

Akacheka. Kicheko hicho nilikiweka akiba.

Kwa kuwa gari ni lake, nikamwachia kazi moja tu: Jumamosi akaichukue piano, ailete. Badala yake akaleta kile chake cha taa.

"Umekibadilisha."

"Nimekibadilisha."

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

"Ili wiki ijayo uje kukiazima, ukapigie harusi zako."

Akaligeuza boksi, maandishi yakamwelekea yeye.

"Mwizi wa kawaida huvunja mlango usiku," nikamwambia. "Wewe umepita mlangoni mchana kweupe, na maji umeomba."

"Shemeji, tukana taratibu. Mama amelala."

"Wacha aamke amwone mkwe wake."

Aliamka. Alitokea mlangoni mwa chumba chake, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

"Kuna nini?"

"Mama, mkweo amekuzunguka. Kinanda ulichochaguliwa amekiacha dukani, amekuletea mdoli wa taa."

"Hakubadilisha yeye. Nimebadilisha mimi."

Nikamtazama Mitambo. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye boksi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

"Alinipeleka wewe ukiwa kazini," mama akasema. "Nikakaa kwenye hiyo piano yako. Nzuri, sikatai. Nikafika katikati ya wimbo, kidole cha pete kikagoma. Nikaanza upya, kikagoma. Vitufe vizito ni vya mtu mwenye vidole."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa. Huyu hanihurumii. Aliniuliza tu, 'Mama, mkono upi ni mbovu zaidi?' Nikamwambia akikutajia hili, asikanyage tena kwangu."

Nilikuwa bado na hoja, na niliitoa.

"Lakini vitufe havitoshi. Mkono wa kushoto utaishiwa nafasi."

Hapo ndipo mama alipokasirika.

"Mkono wa kushoto nitaurekodi peke yake, mahali popote pa kinanda, sauti niishushe kwa kitufe. Nitapumzika. Kisha nitarekodi wa kulia juu yake. Sijapiga mikono miwili pamoja tangu mwaka jana, na wewe unalala chumba cha pili. Hukusikia? Mnavigombania vidole vyangu kama mirathi. Sijafa."

Mitambo akafungua mdomo.

"Na wewe nyamaza," mama akamwambia. "Unganisha waya."

Sikumwomba shemeji msamaha siku ile. Hasira yangu ilikuwa bado imesimama, haijui imwendee nani. Nilimshikia tochi nyuma ya meza huku nikimwambia kebo anaichomeka vibaya. Hakuwa anaichomeka vibaya.

Wasomaji wanaoniandikia hapa kuniuliza wamchagulie mzazi au mtoto kinanda gani cha kurekodia nyumbani, jibu langu ni hili. Orodha za sifa zisomeni baadaye. Kwanza mpelekeni mwenyewe, mkalisheni, mpeni wimbo mmoja aupige mpaka mwisho, halafu mtazameni mikono, wala msimtazame uso. Uso wa mzazi hudanganya.

Waya zilipokamilika, mama alitutoa chumbani sote wawili.

Kupitia mlango tulisikia besi peke yake, nzito, inayoacha mapengo. Ikakatika, ikarudiwa. Kikafuata kimya kirefu. Kisha sauti za juu, polepole, naye akizihesabia kwa mdomo kama alivyokuwa akiwahesabia wanafunzi.

Akatuita.

Kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili ya sauti, mmoja juu ya mwingine. Mama alibonyeza kitufe kimoja, akarudisha mikono mapajani. Wimbo ukaanza, mikono miwili pamoja, ukafika mwisho.