Korongo Aliyesimama

Baba yangu, Zigmas, hakujua kukaa. Hata kanisani, padre akirefusha mahubiri, kiatu chake kilianza kugongagonga benchi. Moyo ulipomsumbua, daktari alimwambia apumzike. Alipumzika siku mbili.

Dhoruba ya Januari iliangusha mti wenye kiota cha korongo nyuma ya zizi letu. Basi Machi, theluji haijaisha, Baba akasimika nguzo, akafunga juu yake gurudumu la mkokoteni mkuukuu na kulipangia vijiti. Kisha akapanda na ndoo ya chokaa, akainyunyiza pembeni ifanane na kinyesi, ili korongo wadhani pamewahi kukaliwa.

"Shuka, we mzee!" Mama alifoka. "Kuta zangu zinangoja chokaa mwaka wa tatu, wewe unawapakia ndege choo!"

"Kuta zako hazihamii kwa jirani, Stefa."

Korongo hurudi Sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, Machi ishirini na tano. Ilipita, hawakuja. Jirani yetu Petronis akamchokoza uani: "Wangu wamefika, Zigmas. Nikuazime mmoja?" Baba aliacha supu ikapoa, akitoka kuchungulia, akirudi, akitoka tena.

Aprili mosi moyo ulimbana, akalazimika kulala. Nikafunga pazia atulie. Kesho yake tukasikia mdomo wa korongo ukigonga juu ya nguzo, taka-taka-taka.

"Anaruka?" Baba akauliza.

Kila mzee wa kwetu Lithuania atakuambia: ukimwona korongo wa kwanza akiruka, una nguvu mwaka mzima, ukimwona amesimama, mwaka huo ni wa kulala mgonjwa. Mimi nasali rozari, mambo hayo siyaamini. Lakini nilitoka mbio, nikampigia makofi aruke, Baba amwone angani.

Dirisha likafunguka kwa kishindo. "We Aldona! Mwache! Akiondoka sasa harudi!"

"Baba, umemwona amesimama!"

"Nimemwona. Katoka Afrika, mbali kote huko, asisimame? Njoo uniwekee mto mgongoni."

Akakaa dirishani. Alikaa wiki tatu, mguu umetulia, mpaka Mungu alipomwita.

Mwaka umepita; leo ni Machi thelathini, gurudumu bado tupu. Namwombea Baba, na katikati ya sala nasikia taka-taka, nainuka. Kumbe ni mlango wa zizi. Jana nilipanda na ndoo ya chokaa. Mama alishika ngazi, wala hakutaja kuta. Tangu asubuhi nimeshatoka mara nne.