Kiswahili cha Kusini

Juzi nilishuka kwenye treni hapa Erdington, Birmingham, nikitoka kazini, miguu imevimba, nikapita dukani kununua mkate. Nje ya duka walikuwa wamepanga kabichi kwenye makreti, na zile kabichi hazikuwa zimeoshwa. Zilikuwa na tope lake bado, majani ya nje yametobolewa na konokono, na mvua ilikuwa imezinyeshea. Nikasimama. Harufu ya kabichi mbichi iliyolowa, ndugu yangu, kama hujapata kuishi kando ya shamba lake huwezi kuijua. Ina uchachu kidogo, na ina ubaridi wake. Watu walinipita na mifuko yao, wengine wakinisukuma kwa bega. Mimi sikuwa pale tena. Nilikuwa mtoto, nimekaa kiti cha nyuma baina ya magodoro na masufuria, tunahama.

Tulikuwa tukikaa Nechells, ghorofani, na mlango wetu haukufungwa mchana. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa watu. Alikuja Uingereza bibi harusi kutoka Unguja, na akaifanya ile fleti kuwa uwanja wa mtaa. Alikuwepo jirani wa Mombasa, jirani wa Bukavu aliyechanganya Kiswahili chake na Kifaransa, na bibi mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kampala ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na sokoni, lakini alicheka nacho kuliko wote. Walikaanga sambusa, wakachambua mchele, wakatukanana kwa matamshi. Mimi nilizaliwa hukohuko Birmingham. Nilikuwa nikisikia kila neno na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa lile jengo. Hakuna aliyeona ajabu.

Halafu ghala alilokuwa akifanya kazi baba likafungwa. Alihangaika miezi, mpaka mtu mmoja akamwambia kuna shamba la mboga kusini kabisa mwa nchi, karibu na mji mdogo, na mfanyakazi mwenye familia hupewa nyumba. Baba alirudi nyumbani siku ile anang'aa. "Huko kuna hewa," alisema. Mama akamuuliza, "Na watu?" Baba akasema, "Wapo." Mama akaanza kufunga vyombo kwa magazeti.

Watu walikuwepo, sikatai. Mji ulikuwa na barabara moja, kanisa, baa, shule ndogo ya mawe, na duka lililofungwa kabla jua halijatua. Basi lilipita asubuhi, na likapita tena alasiri. Yaliyobaki yalikuwa kondoo. Wenyeji hawakuwa wabaya. Walisema habari za asubuhi, wakasema neno juu ya mvua, wakaendelea na safari zao. Salamu zao zilikuwa fupi kama kamba ya mbuzi. Shuleni mwalimu aliniomba niwasimulie wenzangu juu ya nchi yangu, nami nikawasimulia juu ya Nechells: lifti inayokwama, mabasi ya usiku na mchana, na dobi wa chini aliyekuwa akitupa peremende. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akanirudisha kitini.

Baba alikuwa akiondoka gizani na kurudi gizani. Kukata kabichi wakati wa baridi si kazi ya kusimulia. Vidole vyake vilipasuka, mama akavipaka mafuta kila jioni, na mara nyingi alisinzia mezani kijiko kikiwa mkononi. Alituletea kabichi zilizokataliwa kwa kuwa na umbo baya. Tukala kabichi ya kukaanga, kabichi ya tui la kopo, kabichi ndani ya chapati. Siku ya Alhamisi ilikuja gari ya samaki, na hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu.

Mama alianza kunyamaza polepole, ndiyo maana hatukuona. Mwanzoni alipiga simu Nechells, lakini kila akisikia vicheko vya kule alilia, akaacha kupiga. Baadaye akawa anazungumza na masufuria. Baadaye masufuria nayo akayaacha. Alikuwa na msemo wake: nyumba isiyopigwa hodi ni kaburi lenye dirisha. Alikuwa akiusema kwa mzaha tulipokuwa Birmingham. Kule kusini hakuusema hata mara moja, nami kwa utoto wangu nikadhani amesahau.

Alasiri moja ya mvua nyembamba natoka shule, namwona amekaa kwenye benchi la kituo cha basi. Amevaa buibui lake jema na koti la baba juu yake. Mkoba wa safari uko miguuni.

"Ufunguo uko kwa jirani," aliniambia, hata bila kunitazama sawasawa. "Wali umo jikoni, nimeufunika. Mwambie baba yako nimekwenda kupumua."

"Utarudi lini?" niliuliza, kwa Kiingereza.

Aliangalia barabara. Basi lilikuwa limeshachomoza kwenye kona, taa zake zinawaka ndani ya mvua. Sijui nilikotoa wazo lile. Nadhani niliona kwamba Kiingereza changu hakimfiki, kwamba amekwishakaa mbali mno. Nikamshika mkono wa koti, nikasema neno la Kiswahili la kwanza nililowahi kumwambia kwa hiari yangu.

"Mama, usienda."

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Mama alinigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa mvua.

"Usiende," alisema. "Hakuna usienda."

"Usiende."

"Tena."

"Usiende, mama."

Dereva aliuliza kama anapanda. Mama akatikisa kichwa. Mlango ukafungwa, basi likaenda zake, tukabaki na harufu ya dizeli. Mama akaushika mkoba upande mmoja, mimi nikaushika upande mwingine, tukapanda kilima. Njiani akasema, kama mtu anayezungumza peke yake, "Kumbe unaweza."

Kesho yake nilipotoka shule alikuwa amechemsha chai ya tangawizi, vikombe viwili. Akaniuliza nimeshindaje. Nikasema vizuri. "Vizuri ndiyo nini?" alisema. "Keti unieleze. Nani kasema nini, nani kavaa nini, nani kampiga nani." Nikamweleza kwa maneno ya kuokoteza, nikijikwaa, naye akinisahihisha bila huruma. Nilipoishiwa mimi, akaanza yeye. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, kwa hiyo aliniambia yote: nani Unguja aliachwa siku ya arusi yake, shangazi yupi alikuwa na ulimi wa pilipili, jinsi alivyomkataa baba mara ya kwanza. Alinifunza mafumbo, matusi ya heshima, namna ya kumsifu mtu huku unamsuta. Sikuwa mtoto wake saa ile. Nilikuwa shoga yake.

Akaanza kupona. Jirani yetu, mjane aliyefuga kuku, alileta mayai siku moja akakuta tumekaa tunacheka. Mama akamwambia karibu, akamvutia kiti. Tangu siku ile alikuwa akija kumenya maharage jikoni kwetu, yeye akisema Kiingereza chake cha shambani, mama akimjibu Kiswahili, na sijui walielewana nini lakini walielewana. Alijifunza kupiga hodi. Alikuwa akiisema kwa kuivuta, "hoooodi," mpaka kuku wake wakashtuka. Mama akacheka kicheko kile nilichodhani kimebaki Nechells.

Tulikaa kule mpaka nilipokaribia kumaliza shule ya msingi, kisha baba akapata kazi Tyseley, Birmingham, kiwandani, tukarudi. Nakumbuka jioni ya kufika. Wanawake walijaa hadi ngazini, vigelegele, sahani juu ya sahani. Mama alikuwa katikati, anasimulia mji wa kondoo, watu wanashika mbavu. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilihisi kitu kinanitoka. Hakunihitaji tena saa ya chai. Alikuwa na watu wake. Mimi nikarudi kwa wenzangu na Kiingereza chetu, na maisha yakatubeba.

Sasa mama hayupo, na baba hayupo. Msibani kwa mama, mwaka juzi, mwanamke mmoja mgeni alinisikia nikiwapokea watu, akashangaa. "Kiswahili hiki umekipata wapi, mwanangu? Watoto wa hapa hawasemi hivi."

"Kusini," nikamjibu.

"Aaa! Makunduchi, kusini Unguja," alisema, akaridhika, akaenda kuwaeleza wenzake.

Nilikuwa nimechoka. Nilimwacha aamini.

Siku hizi nasafisha mabehewa, natembea urefu wa treni tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho, na nikifika nyumbani wanangu wananijibu kwa lugha ileile niliyokuwa nikimjibu nayo mama. Siwalaumu. Nje Kiswahili kiko tele: kwenye foleni ya benki, kwa kinyozi, msikitini, cha Mombasa, cha Dar, cha Bukavu, nami najibu wote. Lakini kuna kile tulichojitengenezea wenyewe kule. Barafu nyembamba ya asubuhi juu ya majani tuliiita chumvi ya maskini. Ile saa baba anapovua viatu mlangoni na hakuna anayesema kitu, tuliiita magharibi ya pili. Yalikuwa maneno mengi, na hayakuandikwa popote. Nikichoka, nikichoka kwelikweli, yananijia mdomoni moja baada ya jingine, na nayameza, kwa sababu walioyaelewa walikuwa watu wawili, na mmoja tumemzika.