Kifuniko na Ndevu za Bwana Harusi

Binti yangu wa pili alijifunza kunyoa wakati watu hawana midomo. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Aliingia kwenye duka la kinyozi la Mzee Wembe miezi michache baada ya korona kuanza, na tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni: barakoa kwa kila anayeingia, na hakuna kazi chini ya pua. Nywele tu. Ndevu kila mtu akahangaike nazo nyumbani kwake.

Basi akawa fundi wa vichwa. Alimwambia mteja ashike barakoa usoni kwa vidole viwili, akachomoa kamba ya sikio moja, akapitisha mashine, akairudisha, kisha akahamia upande wa pili, bila pua kuonekana hata mara moja. Wateja wake aliwajua kwa visogo. Barakoa zilipoanza kuondoka, watu wakawa wanamsalimu njiani naye anawatumbulia macho, mpaka mtu ageuke aone mikunjo ya shingo, ndipo anacheka na kumwita. Dereva mmoja wa lori akawa akikutana naye anageuka kabisa na kumsalimu kwa kisogo.

Mtoto huyu ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu. Mimi kifua chake nakisikia nikiwa chumba cha pili. Kabla hakijafika kwenye kukohoa, kinaanza kifilimbi chembamba, kama birika inayokaribia kuchemka, na mimi tayari nimeshasimama. Nilipoambiwa anakwenda kufanya kazi kwenye vumbi la nywele na poda, nilikosa usingizi siku tatu. Lakini ajabu ni kwamba miaka ile ya barakoa kifilimbi kilinyamaza. Vumbi lilikuwa linaishia kwenye kitambaa. Kwa hiyo wenzake walipotupa zao, yeye akabaki na yake.

Kusema kweli, wakati ule askari wa barakoa nyumbani nilikuwa mimi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni na taulo za Mzee Wembe, na mashuka yaliyochakaa ndiyo niliyoshonea barakoa za nyumba nzima. Nilizichemsha kwenye sufuria, nikazianika, nikazipiga pasi. Shemeji yangu mkubwa alikuja siku moja uso mtupu nikamrudisha kutoka mlangoni, na mpaka leo akija anapiga hodi kwa kuziba mdomo na kiganja.

Kisha dunia ikageuka, tena kidogo kidogo. Kwanza barakoa zilishuka kidevuni. Halafu zikaingia mifukoni, halafu zikaning'inia kwenye vioo vya magari. Siku moja nikamwona mtu amekaa kwenye ngazi za benki anang'arisha viatu kwa barakoa, na hakuna aliyemshangaa. Waliobaki wamezivaa ndio waliokuwa wanashangaza watu. Kwenye foleni mtu akisimama na barakoa, watu wanasogea, na si kwa heshima. Wenzangu kazini wakaanza kuniuliza binti yangu anaumwa nini. Mmoja alinong'ona kwamba ni kifua kikuu. Mwingine alisema kang'oka meno ya mbele. Na wateja wakampa jina: Kifuniko. Kifuniko yupo? Kifuniko leo kafunika nini?

Yeye alicheka tu. Mimi ndiye niliyeshindwa kucheka. Niligeuka kama dunia ilivyogeuka. Mimi niliyemrudisha shemeji mlangoni nikaanza kumsihi mwanangu aivue, hata njiani tu, hata mbele ya majirani. Aliniambia, "Mama, ulinivisha mwenyewe." Lakini sikuacha kumsihi.

Mwaka huu kinyozi mkubwa wa pale dukani alisema anastaafu, na kiti chake cha dirishani kikawa hakina mwenyewe. Kiti cha dirishani si kiti tu. Anayesimama pale ana wateja wake, anaonekana na barabara nzima, anaitwa fundi. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma, karibu na sinki, nywele tu, kwa sababu ndevu hakuwahi kufundishwa. Mzee Wembe akamwambia kuna bwana harusi anakuja Jumamosi asubuhi kuondoa ndevu zote. Akimnyoa vizuri kiti ni chake. Akishindwa, ataletwa mwanamume kutoka duka lingine naye atabaki sinkini. Kuhusu barakoa mzee hakukataza. Alisema tu kwamba watu hawapendi kukumbushwa.

Wiki mbili tulinyoa maputo. Unalipuliza puto, unalipaka povu, unapitisha wembe juu yake mpaka povu liishe na puto libaki zima. Mimi ndiye niliyekuwa nashika. Nilikuwa nafumba macho na kugeuza uso, na kila likipasuka naruka, na povu linanifikia mpaka kwenye kope. Siku ya tisa yalibaki mazima sita mfululizo, tukapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Baba yake akatoa kidevu chake. Alikatwa mara mbili, akasema ni mbu.

Jumamosi niliamka na roho juu juu. Alipoingia kuoga nikafungua mkoba wake. Wembe mpya ulikuwepo, brashi, pampu yake ya kifua, na barakoa tatu nilizozipiga pasi kwa mikono yangu. Nikafikiri, saa moja tu. Bwana harusi na wapambe wake wakimkuta kajiziba watadhani ni mgonjwa, watamkataa, na kiti kitakwenda. Saa moja bila kitambaa haimuui mtu. Nikazichukua zote tatu nikazitia kwenye pochi yangu. Kisha nikabeba taulo safi, ili niwe na sababu ya kuwepo.

Bwana harusi alikuja na kaka yake na vijana wengine wanne, wamenukia marashi duka zima. Ndevu zake zilifika kifuani. Alianza kuzifuga chini ya barakoa, kazini kwake hakuna aliyejua, na barakoa ilipovuliwa zikawa zimeshakomaa. Na hapo ndipo ulipokuwa mkasa. Mchumba wake alikutana naye akiwa na barakoa, ilipotoka akakuta ndevu, na hajawahi kuona kidevu chake hata siku moja. Alimwambia hawezi kutia saini mbele ya watu kwa ajili ya kidevu asichokijua. Kaka mtu akawa anasema labda hakipo kabisa, labda shingo inaanzia kwenye mdomo, na vijana wanagonga mikono. Hata Mzee Wembe alitabasamu.

Binti yangu akainama kwenye mkoba. Akatafuta mfuko mkubwa, akatafuta mfuko mdogo. Kisha akanitazama. Mimi nilikuwa nakunja taulo ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Akanawa mikono, akasimama nyuma ya bwana harusi uso wazi. Kaka mtu akasema kumbe Kifuniko ana mdomo, tena mzuri. Nilijiona nimefanya la maana.

Ndevu ndefu huwezi kuanza na wembe. Lazima kwanza zipunguzwe kwa mashine, kavu. Alipowasha mashine zikaanza kuruka. Feni ya ukutani ikazipokea na kuzirudisha usoni kwake, nyembamba kama moshi. Vijana walikuwa wanapiga picha kila rundo linapoanguka. Mwanangu mikono yake ilikuwa inakwenda vizuri, laini, bila haraka. Kisha nikakisikia.

Nilikisikia mimi peke yangu. Kifilimbi.

Nikajiambia ni feni. Akakohoa kidogo kwenye kiwiko. Akavuta pampu yake mara moja akiwa amegeukia ukuta, akarudi, akapaka povu, akafungua wembe. Na kabla wembe haujagusa ngozi, kikohozi kikamshika, safari hii kirefu, cha kuinamisha mgongo, na wembe uko wazi mkononi. Bwana harusi macho yalimtoka kwenye kioo. Vijana wakaacha kupiga picha. Mmoja akasogea mlangoni, na nilijua kwa nini anasogea. Sote tulijua. Ile miaka ilirudi dukani kwa dakika moja, kila mtu akimpimia mwenzake umbali.

Mzee Wembe akasimama. Akanyoosha mkono. "Lete wembe."

Mwanangu akaanza kuukunja. Mimi sijui nilifikaje katikati ya duka. Taulo zote zilikuwa chini.

"Subiri, mzee," nikasema. "Kosa ni langu. Huyu haumwi ugonjwa wa kuambukiza. Ana pumu, na barakoa ndiyo inayomzuilia hizi nywele. Nimeziiba barakoa zake asubuhi kwenye mkoba kwa sababu nilikuwa naona haya."

Nikafungua pochi nikazitoa. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, tatu, zina mistari ya pasi. Mwanangu aliniangalia kama mtu anayetaka kucheka na kulia, na kifua hakimruhusu hata kimoja.

Kaka mtu akauliza, kwa upole lakini akiwa bado mbali, kama ana hakika haambukizi, maana leo ni harusi.

Binti yangu akavuta pampu mara ya pili, akasubiri pumzi ishuke. "Shemeji," akasema, "hapa anayeambukiza ni ndevu za kaka yako."

Aliyeanza kucheka ni bwana harusi mwenyewe, povu likamruka puani. Akafuta macho kwa shuka alilofunikwa. Alisema ameongea na mchumba wake mwaka mzima kupitia kitambaa, na wamefika mpaka harusini, sembuse kunyolewa? Kisha akamwambia Mzee Wembe, bila utani sasa, "Mwache avae amalize. Aliyeanza ndiye ninayemtaka. Yeye ndiye anayejua kilichobaki."

Mkono wa mzee ulibaki umenyooka kwa muda ambao mimi niliuona kama siku nzima. Kisha akaushusha. Akazima feni. Akasema atampa dakika kumi za kupumua, na asiposikia kifua kimetulia atamaliza yeye.

Mwanangu akavaa, akakaa kwenye benchi kando yangu. Nilihesabu pumzi zake kama nilivyozihesabu alipokuwa wa miaka mitatu. Hakunishika mkono, lakini hakusogea pia. Dakika ya nane kifilimbi kikapungua, kikawa uzi, kikakatika. Mzee Wembe akaja akainama, akatega sikio karibu na bega lake kama anayesikiliza saa, akanyooka, akaashiria kiti kwa kidevu.

Akapaka povu upya. Akafungua wembe. Mimi safari hii sikufumba macho. Alianza chini ya sikio, akavuta ngozi kwa kidole gumba, akashuka, akafuta wembe, akashuka tena. Povu likawa linaondoka kama puto la siku ya tisa. Vijana walikuwa wamesogea karibu wote, hata yule wa mlangoni, wamekunja shingo kama wanaotazama mpira wa penalti. Shavu likaisha. Mdomo wa juu ukaisha. Akageuza kichwa upande wa pili, akamaliza, kisha akabakiza sehemu moja tu, ncha ya kidevu, akasita makusudi. Akamuuliza bwana harusi kama yuko tayari. Kaka mtu akasema amalize jamani, kaka anaoa leo.

Akapitisha wembe mara tatu. Akaweka taulo ya moto, akaishikilia, akaitoa.

Kidevu kilikuwepo. Kilikuwa kimepauka kuliko mashavu, laini, na katikati kina kishimo kidogo kama kimebonyezwa na kidole. Nilingoja vicheko. Hakikuja hata kimoja. Kaka mtu alikuwa amejishika kiunoni, mdomo wazi. Kisha akasema, "Hicho ni cha baba."

Baba yao alifariki mwaka wa kwanza wa korona. Walimzika wakiwa wamejifunika, wachache, mbalimbali. Bwana harusi akagusa kile kishimo kwenye kioo kwanza, halafu kwenye uso wake. Kisha akanyanyuka ghafla, shuka bado shingoni, akamkumbatia kaka yake na nywele zote zikaenda kwenye suti, na duka likalipuka kwa kelele, wanapigana migongo, wanamwita mwanangu fundi, fundi, wengine wanampigia bibi harusi simu ya picha halafu wanaikata kwa sababu wamekumbuka hatakiwi kuona kabla ya wakati.

Mzee Wembe alikwenda sinkini, akachukua mkoba wa binti yangu, mashine yake na kopo lake la poda, akavipeleka kwenye meza ya dirishani. Poda akairudia, akaitazama, akaitupa kwenye pipa. Basi.

Kaka mtu akawa wa kwanza kukaa kwenye kiti kipya. Alitaka sharubu zipunguzwe, na alipoona nywele za mwenzake bado zinaelea hewani, akapiga chafya, akanigeukia.

"Mama, hizo mbili zina mwenyewe?"

Nikampa moja. Akaivaa, akaiinua kidogo ili mdomo wa juu upatikane, na vijana wakamwita Kifuniko mdogo.

Tulipokuwa tunarudi mchana mwanangu alitembea mbele yangu hatua mbili, barakoa iko usoni, na watu walituangalia kama kawaida. Nilimwomba radhi. Aliendelea kutembea. Karibu na nyumbani akageuka, akachomoa kamba ya sikio moja ili nimwone anavyocheka.

"Jumatatu zinatakiwa sita," akasema. "Na ushone nyeusi, mama. Pale dirishani nyeupe zinaonyesha uchafu."

Nilikuwa na shuka moja jeusi nililolitunza kwa miaka. Nililikata siku ileile kabla jua halijashuka.