Mama Aliyegombea kwa Ajili ya Basi

Miezi michache iliyopita nilikwenda mjini Garland, huku ughaibuni tunakoishi, kwenye ukumbi ambako wagombea watatu wa bodi ya chuo chetu cha jamii, ambayo huku huchaguliwa na wakazi, walikuja kuomba kura. Mfanyabiashara na wakili walijieleza vizuri. Wa tatu alikuwa mama Mrundi anayepakia mizigo ghalani.

Mzungu mmoja akamuuliza, "Na wewe unakijua vipi chuo hiki?"

Mama alishika meza kwa mikono miwili. "Nilianzia hapa darasa la chini kabisa la Kiingereza, nikalirudia mara mbili. Mwalimu hakunichoka. Lakini wenzangu wengi waliacha, kwa sababu basi la mwisho huondoka kabla darasa halijaisha. Nagombea ili basi lisubiri."

Muuguzi Mkenya niliyekaa naye akaninong'oneza, "Huyu ame-win tayari."

Kweli alishinda. Siku ya kuapishwa sisi wahamiaji tulijaza safu tatu, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilijivuna kana kwamba ni dada yangu. Mimi mwenye shahada mbili nimelalamika sebuleni miaka kumi na mitano kuhusu wanaotuongoza, na sikuwahi hata kuuliza fomu za kugombea zinachukuliwa wapi.