Baiskeli ya Kaka Yangu Ilivyoondoka kwa Vipande

Kaka yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu wa mama asubuhi, na kabla ya adhuhuri timu yake ya baiskeli ilikuwa imeshaanza kumtafuta mwengine. Najua hivyo kwa sababu nahodha wa timu, alipokuja kumtazama, alinivuta pembeni ukumbini akaniuliza kama shati lake limechanika.

"Shati lipi?" nikamuuliza. "Alilopandia mti?"

"La timu."

Nikamwambia la timu limo sandukuni, hakwenda nalo shambani. Akasema alhamdulillahi, kisha ndipo akaingia chumbani kumwona mgonjwa.

Mashati yale niliyashona mimi. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Mgogoni baada ya kuachwa, na kitu pekee nilichotoka nacho kwa mume kilikuwa charahani. Timu ilikuwa ya tajiri mmoja wa Chake Chake aliyekuwa na ghala la karafuu na duka la baiskeli. Vijana wengine wa Pemba wakishindana siku za sikukuu kwa kujifurahisha tu. Hawa watano walikula mshahara. Asubuhi wakiupanda mlima wa Wesha, wakiuteremka na kuupanda tena, mchana walilala. Jina la duka lilikuwa mgongoni mwao, kwa uzi mwekundu, kwa mkono wangu.

Tajiri aliwakataza kupanda miti na kubeba mizigo. Kaka yangu aliifuata amri ile misimu miwili. Mwaka ule, miaka michache kabla ya Mapinduzi, karafuu zilizaa mpaka wachumaji hawakupatikana, na mama, mwenye miti yake michache nyuma ya nyumba, akaziona zinataka kuchanua na kuharibika juu zikiwa hazina mtu. Hakumwomba mwanawe. Alikaa barazani akawaambia majirani, kwa sauti ya kutosha kufika ndani, kwamba yeye amezaa mwanamme anayelipwa kwa kukaa kitako, na baiskeli ndiyo inayofanya kazi. Majirani wakacheka. Kesho yake kaka yangu akapanda. Tawi la mkarafuu halipindi, hukatika tu. Mguu wa kulia ulivunjika juu ya goti.

Mzee aliyekuwa akiunga mifupa pale kijijini akauvuta, akaufunga kwa mabanzi ya mti na kamba za mgomba. Kaka yangu, jasho likimtoka, akamuuliza jambo moja tu: ataweza kukimbia Mfunguo Tatu? Mashindano makubwa yalikuwa siku ile ya Iddi, kutoka Chake Chake mpaka Wete na kurudi, na mwaka uliotangulia alikuwa ameyashinda yeye.

"Ukitulia, mfupa utashika kabla yake," mzee akasema. "Lakini mguu huu usiguse ardhi mpaka nije nikufungue mwenyewe. Ukiugusisha, usinite tena."

Basi tukamlaza ukumbini, kwenye kitanda cha kamba, na ukutani mbele yake tukaitundika baiskeli.

Inafaa nieleze habari ya baiskeli hiyo. Alipowashinda watu wa Wete, tajiri alisimama juu ya kiti sokoni, watu wamejaa, akatangaza kwamba kuanzia siku ile ile baiskeli si ya duka tena, ni mali ya kaka yangu. Watu walimpigia makofi zaidi kuliko walivyompigia mshindi. Ilikuwa baiskeli ya kuagizwa kutoka nje, yenye magurudumu mepesi, na nyengine kama hiyo dukani hapakuwa. Sasa mwenyewe yuko kitandani na baiskeli iko ukutani, na tajiri hakuweza kuidai. Angeonekana vipi, aliyetoa mbele ya soko zima akaja kuchukua kwa mgonjwa?

Hakuja. Aliwatuma wenziwe wa timu waje kumzuru.

Walianza wote wanne pamoja, na nahodha mbele. Walileta madafu na mkate wa mofa. Walikaa kwenye jamvi, wakamsomea Fatiha, wakamwombea kwa sauti nzuri kabisa. Wakati ule watu wa Pemba walikuwa wameanza kususiana hata mazikoni kwa ajili ya vyama vya siasa, na katika wale wanne walikuwamo wawili ambao njiani hawasemezani. Kwa mgonjwa walikaa goti kwa goti. Mama aliingia ndani akalia kwa furaha.

Walipokuwa wakiinuka nahodha akasema, "Yakhe, pampu yetu imekufa. Tuazime yako siku mbili tatu."

"Chukueni," kaka yangu akasema.

Juma la pili walikuja wawili, na ndizi, na wakaondoka na cheni. Juma lililofuata akaja mmoja aliyemsomea Yasini nzima, tena bila ya msahafu, akatoka na gurudumu la mbele begani. Mama akamfungulia mlango. Kila mara ilikuwa kuazima tu, na kila mara dua ilitangulia. Mimi nilikuwa kwenye charahani yangu, nyuma ya pazia, na wanaume wakisahau kwamba pazia halizuii masikio. Wakishatoka barazani kuvaa viatu, wakizungumza, kama wale wawili wa cheni.

"Umeyaona mapaja ya yule wa Wesha?"

"Yupi, yule mchukuzi?"

"Huyo. Anapanda na gunia kutoka gatini mpaka ghalani kama kabeba mto wa kulalia."

"Mtu wa bara yule. Baba yake kaja hapa kwa jembe."

"Sie twamtaka akanyage pedeli, hatumwozeshi mtu."

Wakacheka, wakaenda zao na cheni.

Mtu huyo wa Wesha hakuwa mtoto. Alikuwa wa umri wa kaka yangu, mfupi, mpana wa kifua, amezaliwa hapa hapa Pemba. Tajiri alimwachisha kazi ya gatini akamtia kwenye timu. Nahodha akaniletea vipimo vyake kwa uzi uliofungwa mafundo, nitoe shati la kaka yangu sandukuni nilipunguze urefu na kulipanua kifua.

"Mwenyewe hajafa," nikamwambia.

"Nani kasema kafa? Nafasi yake ipo. Huyu anaishika tu." Akaligeuza shati akatazama ndani. "Ukipunguza, usikate kitambaa, kunja tu. Hatujui mwengine atakuwa na kimo gani."

Nililishona ndani ya ukumbi ule ule, hatua chache kutoka kitandani, maana ndipo palipokuwa na mwanga. Kaka yangu alitazama sindano ikipanda na kushuka. Akasema mishono ya bega upande wa kushoto ilikuwa ikimkwaruza siku zote, na kama nitaifungua, niiweke vizuri kwa ajili ya huyo mwenziwe. Nikaifungua, nikaiweka vizuri.

Ukutani palibakia gurudumu la nyuma, usukani, kiti na fremu. Nikamuuliza kwa nini asiwaambie hapana hata mara moja.

"Nikiwanyima, watanitoa," akasema. "Nikiwapa, bado mie wa timu. Siku ntakayosimama wataniletea vitu vyangu."

"Na wasipoleta?"

"Wewe mumeo alikutoa na charahani yako tu. Wangu mie si watu kama hao."

Gurudumu la nyuma liliondoka Ijumaa baada ya sala, na usukani uliondoka na mjumbe ambaye hakukaa hata kunywa kahawa. Kiti alikichukua nahodha mwenyewe, akakivuta kwa nguvu mpaka fremu ikayumba ukutani na chokaa ikamwagikia mgonjwa usoni. Alimpangusa kwa ncha ya kanzu yake, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto.

Mwezi wa Mfunguo Tatu ulipokuwa unakaribia kuandama walikuja tena, nahodha na yule mgeni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alisimama uani na viatu mkononi mpaka alipoitwa mara mbili. Hakujua kusoma dua ndefu, kwa hiyo akainamisha kichwa tu wakati nahodha anasoma. Dua ilipokwisha, nahodha akaitazama fremu.

"Hiyo nayo," akasema. "Magurudumu yako hayakai sawa kwenye fremu nyengine. Yanakwaruza."

Kaka yangu akamtazama yule mgeni kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Huyu? Fremu hii itampita kifuani. Mtamtafutia ngazi ya kupandia?"

"Tutamfundisha," nahodha akasema.

"Mpeni punda. Punda anajua watu wa magunia."

Yule kijana aliendelea kutazama jamvi. Nahodha akacheka, kwa adabu tu, akanyoosha mkono kwenye kamba ya fremu.

"Acha," kaka yangu akasema. "Mie nshapona. Mfunguo Tatu nakimbia mwenyewe. Tazama."

Akajiinua. Mama alikuwa jikoni. Mimi niliinuka kwenye charahani nikajinasa kwenye pazia. Alishusha mguu mzima, akashusha ule wa mabanzi, akaachia kitanda, akasimama. Kwa muda wa kuvuta pumzi alisimama kweli, mrefu kuliko wote mle ndani, na uso wake ulikuwa wa siku ile ya sokoni. Kisha tukasikia mfupa. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekunja ukuti mkavu.

Nahodha alimdaka kabla hajaanguka. Siwezi kumnyima hilo. Alimlaza vizuri, akaurudisha mguu kwenye mto, akamshika kichwa akamsomea, mara hii kwa haraka. Mama aliingia na mwiko mkononi, akaanza kupiga kelele kwamba mtoto wake ameuawa. Nahodha akamwambia, "Mama, usitamke mabaya mbele ya mgonjwa." Kisha akamwashiria yule kijana kwa kidevu.

"Nimwache kwanza apumue?" kijana akauliza.

"Chukua."

Akaifungua kamba, akaitia fremu begani jinsi watu wa gatini wanavyotia gunia, akainama mlangoni ili isigonge. Kaka yangu alikuwa na kanga ya mama mdomoni, anaiuma.

Mzee wa mifupa hakuja siku ile. Alimrudisha mtu tuliyempeleka, akasema, "Mwambie nilimwambia." Mama alikwenda mwenyewe kesho yake akalia kizingitini pake mpaka mzee akakubali kuja, na alipofika alifunga tu palipovimba. Alisema mfupa umepandana, utashika hivyo hivyo, na mguu utakuwa mfupi. Alilisema hilo akinawa mikono.

Siku ya Iddi mimi na mama tulisimama kando ya njia pamoja na watu wengine. Yule kijana alipita amevaa shati lile, juu ya magurudumu yale, na kila akikanyaga ilibidi atupe nyonga kushoto na kulia ili mguu ufike. Watu walimpigia miluzi. Mmoja akapaza sauti, "Mfungieni matofali miguuni," na wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mama naye alicheka, akafuta macho kwa kanga. Hata hivyo kijana alikuwa na nguvu za ajabu, na alirudi Chake Chake wa pili. Wa kwanza alikuwa mtu wa Wete.

Siku ya pili ya Iddi walikuja kutuamkia, nahodha na kijana tena. Kijana alibeba sahani ya halua kutoka kwa tajiri. Kaka yangu alikuwa amekaa kitako, mto mgongoni.

"Wa ngapi?" akauliza, ingawa nilikwisha kumwambia.

"Wa pili," nahodha akasema. "Tajiri hakufurahi. Kamtuma mtu Wete kuzungumza na yule aliyetushinda. Akikubali mshahara, msimu ujao ni wetu."

"Na huyu?"

"Huyu ana mgongo mzuri. Karafuu zikiiva, gatini watamtaka."

Kijana alikuwa amesimama hapo hapo na sahani. Kaka yangu akamgeukia.

"Kazi yako ya Wesha uliiacha?"

"Niliambiwa niiache."

"Wameshampa mwengine?"

"Wameshampa."

Kaka yangu akaanza kucheka. Tangu aanguke hakuwa amecheka, na mama alitoka jikoni kuja kutazama kuna nini. Alicheka mpaka akashika paja. Nahodha akatabasamu kidogo, akasema vitu vilivyoazimwa ni vyema virudi, ila magurudumu tajiri anaomba yabakie kwa mtu wa Wete. Fremu itarudi, maana huyo ana yake ya aina ile ile.

"Fremu mpe huyu," kaka yangu akasema. "Apate pa kuanikia nguo."

Walituletea fremu baada ya sikukuu, wakaiegemeza nje ya baraza, haina hata kiti. Ilikaa pale ikinyeshewa. Nilidhani maneno yale ya kumpa kijana yalikuwa maneno tu. Lakini asubuhi moja kijana alikuja kutoka Wesha kwa miguu, peke yake. Kaka yangu alikuwa uchochoroni anajifunza kutembea na fimbo, mguu mmoja ukifika chini kabla ya mwenziwe. Kijana hakumwamkia. Alikwenda moja kwa moja kwenye fremu, akaitia begani, akarudi kwa njia ile ile aliyojia, na kwa kuwa uchochoro wetu ni mwembamba, kaka yangu akajibana ukutani kumpisha.