Mataruma ya Stesheni ya Mkonge

Komboio lenyewe, lile garimoshi la mkonge, sikuwahi kuliona. Nilipozaliwa lilikuwa limekwisha kukoma, na stesheni yetu, kaskazini ya Palma, ilikuwa jukwaa la saruji tu katikati ya mkonge uliogeuka pori. Jina ukutani lilikuwa linafutwa na mvua, herufi moja moja. Mama alikuwa akianika makopa pale jukwaani, kwa kuwa saruji hushika joto kuliko mchanga, nami nililala pembeni ya mihogo huku naisikia harufu yake. Hata leo sijui kama ilikuwa ndoto: chuma kinatetemeka chini ya sikio langu, watu wengi wanashuka bila kusema neno, wanapita katikati yetu na hawakanyagi hata kipande kimoja cha muhogo.

"Tiketi," mama alikuwa akinishtua.

Nampa ganda la muhogo.

"Hii ya daraja la tatu. Utakaa juu ya mizigo."

"Na wewe?"

"Miye mwenye komboio. Nakaa ninapotaka."

Yeye aliliona. Lilikuwa dogo, likibeba mkonge kutoka shambani mpaka ufukweni. Shamba lilikuwa la Wareno, na wanaume wa vijiji vyetu walikamatwa kufanya kazi wasiyoiomba. Baada ya uhuru Wareno waliondoka, komboio likasimama, likaliwa na kutu, watu wakalikata vipande. Reli nazo zilikwenda. Kipande kimoja ndicho kilichokuwa kengele ya shule niliyosoma mpaka darasa la sita. Mataruma yalibaki, yale magogo mazito yanayolazwa chini ya reli, meusi, ambayo mchwa hawayawezi.

Kwa sababu hiyo watu wakaanza kuyachimbua kila ulipotokea msiba. Kaburi la mchanga halisimami bila viunza, mbao za kumfunika maiti ili mchanga usimwangukie. Taruma moja likipasuliwa hutoa viunza viwili au vitatu. Nilipokua nilijua kijiji kimefiwa kwa kuyaona mashimo mapya njiani. Wakati mwingine usingizini naiona njia ile nzima, inapinda kutoka stesheni, inaingia makaburini, na mwisho wake siuoni.

Mama hakuyataka. Aliniambia siku moja tukigeuza makopa, bila kunitazama, kwamba taruma ndilo lililomuua baba yake. Alilibeba begani, akateleza, likamwangukia kifuani.

"Miye msiniwekee hayo," alisema. "Niwekeeni chochote."

"Basi tutakufunika makuti."

"Makuti mazuri," akasema, akaendelea kugeuza.

Sikumwambia mtu. Niliona muda upo.

Vita vikatukimbiza mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Tuliporudi, kijiji hakikuwa na seremala, na mama alikuwa amebaki mwepesi kama kapu tupu. Alifariki alfajiri.

Tulikuwa ndani tunamwosha, mimi na mama mdogo, niliposikia mtaimbo upande wa stesheni. Unagonga, unanyamaza, unagonga. Nilijua wanachimba nini. Nilinyamaza na kata ya maji mkononi. Ningependa kusema huzuni ndiyo iliyonifunga mdomo, lakini ilikuwa haya. Jua linapanda, wanaume wako kazini, nami nitoke kwenye maiti nikagombanie mbao.

"Unamimina au unasikiliza?" mama mdogo aliniuliza.

Ndipo nikamwambia. Aliuweka mkono wake juu ya bega la dada yake.

"Na neno hilo umelikalia tangu lini?"

"Zamani."

"Mjinga wewe. Mwite kaka yako. Nitamalizia mwenyewe."

Kaka alikuja mpaka mlangoni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Nikamweleza.

"Sasa ndiyo unasema?"

"Sasa."

"Mbao nitoe wapi, mdogo wangu? Kijiji kizima hakina hata meza."

Alikuwa ameegemea mlango wenyewe, mlango wa mninga aliouweka baba. Tulipoikimbia nyumba wezi walichukua kila kitu, huo ukawashinda. Kaka aliusukuma, ukaenda, ukarudi. Hakuniuliza. Alikwenda akaleta mtaimbo uleule, akaung'oa.

Mlango ulitoa viunza vinne. Kaburi lilitaka sita.

Haya niliambiwa na kaka aliporudi kutoka makaburini, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani. Alikaa kizingitini anakung'uta mchanga miguuni.

"Kichwani na kifuani ni mlango," alisema. "Miguuni ni taruma, viunza viwili. Watu walikuwa wanangoja juani."

"Haya, kaka."

"Ungesema jana ningepasua mnazi."

"Najua."

Waliokuja kutoa pole walinisifu kwamba nimemtimizia mama neno lake. Walikunywa chai, wakatazama mahali palipokuwa na mlango, wakanisifu tena, nami nikawaitikia. Haikuwa hivyo. Viunza viwili vya taruma viko juu ya miguu yake, na viko pale kwa sababu yangu, si kwa sababu ya kaka wala vita.

Tumetundika khanga badala ya mlango. Mchana nikijilaza inajaa upepo, inatulia, inajaa tena, na katikati ya usingizi namwona mama amekaa ananyoosha miguu. Namwomba radhi. Ananitazama vizuri tu, kama mtu anayesikia, lakini bado hajanijibu.