Leo Nimemzimia Fundi Gesi

Leo nimefunga mtungi wa gesi fundi akiwa bado anajisifu.

Tanuri langu la vyungu lilitoka ng'ambo, likitumia gesi ya bomba. Hapa Tororo tunayo ya mitungi tu. Kwa hiyo nikamwita fundi Opio aligeuze.

Akaunganisha mpira, akawasha. Moto ukaruka juu, wa njano, masizi hadi kwenye dari.

Nikazima.

"Mama, acha, utatulia wenyewe."

"Hautatulia. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi. Nozeli hizi za kutolea gesi matundu yake ni makubwa, weka zenye matundu madogo."

Akacheka. "Wewe fundi wa udongo, mimi wa gesi."

 Jamani, mkono sikuutoa kwenye mtungi.

Akabadilisha kwa kununa. Akawasha tena.

Moto wa buluu, umetulia.

Opio akainama kuutazama. Halafu, kwa sauti ndogo: "Mama, jana niligeuza oveni ya mkate kule Mukuju. Nozeli sikubadilisha."

Tukapanda boda palepale. Tumewakuta waokaji wanajiandaa kuwasha. Opio akabadilisha nozeli, wakaoka.

Sasa hivi narudi na mkate wa moto mapajani.

Jiko la nani mwingine linatoa masizi? Semeni, Opio yuko hapa, anasikia.